Namna ya Kutumia Muziki Kupunguza Maumivu na Hofu Wakati wa Kujifungua

Mwanamke aliyekwisha kushikwa na uchungu hana nafasi ya kuchagua nyimbo. Kazi hiyo, pamoja na kazi kubwa zaidi ya kuuzoeza mwili kutulia unapozisikia, hufanywa wiki nyingi kabla. Hapo ndipo wengi wanapokosea: hujaza nyimbo kwenye simu siku ya kwenda kujifungua, kisha wakashangaa kwamba hazikuwafaa kitu.

Hofu huufanya mwili utoe adrenalini, misuli ikakaza, pumzi ikawa fupi, na utoaji wa oksitosini, homoni inayoendesha mikazo ya mji wa mimba, ukatatizika. Uchungu huzidi kuuma, na hofu nayo huongezeka. Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read alikieleza kizunguko hicho cha hofu, mkazo na maumivu katika miaka ya 1930. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba katika uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango linalopitisha taarifa za maumivu kuelekea ubongoni, na kwamba lango hilo huweza kufunguka zaidi au kufungwa kiasi kutokana na hisia nyingine na hali ya akili. Muziki basi hauondoi maumivu, bali huipa akili jambo jingine la kushika na kuupunguzia mwili hofu. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, liliutaja miongoni mwa njia za kujituliza kwa mjamzito mwenye afya anayeomba kupunguziwa maumivu, kwa kutegemea matakwa yake mwenyewe. Maneno hayo ya mwisho yana uzito: nyimbo huchaguliwa na anayezaa, si na mume, dada wala mama mkwe.

Katika miezi miwili au mitatu ya mwisho, tenga kama dakika 20 kila siku. Lala kwa ubavu au keti mahali pa kuegemea, punguza mwanga, cheza nyimbo zilezile, kisha legeza taya, mabega na viganja huku ukitoa pumzi polepole kuliko unavyoivuta. Atakayekusindikiza leba awepo mara kwa mara na akuwekee mkono mgongoni, ili mguso wake na sauti ya muziki viambatane. Baada ya wiki kadhaa, sauti za mwanzo tu za wimbo zitatosha kukushusha mabega bila kujilazimisha, na hiyo ndiyo ishara kwamba maandalizi yameiva.

Kwa kutulia, nyimbo zenye midundo kati ya 60 na 80 kwa dakika hufaa. Hesabu midundo ya sekunde 15 na kuizidisha kwa nne. Andaa pia kundi la pili la nyimbo zenye mdundo wa nguvu, kwa kuwa uchungu unapokolea wapo wanaotaka kutembea na kuyumbisha nyonga, na muziki laini huwakera. Ziwe za dini, za dansi au za ala tupu, hilo si hoja. Kwa maoni yangu, wimbo unaoupenda unashinda ule unaotangazwa kuwa ni maalumu kwa wazazi. Epuka tu wimbo unaokukumbusha msiba au ugomvi.

Uliza mapema kama mahali utakapojifungulia wanaruhusu spika ndogo. Pakua nyimbo zote zikae ndani ya simu, maana hakuna kero inayozidi tangazo la biashara linaloingia katikati ya mkazo, na ubebe chaji. Ukitumia visikizi, acha sikio moja wazi ili umsikie mkunga.

Usianze kuzicheza uchungu unapoanza kudokoa. Hatua ya mwanzo huweza kuchukua saa nyingi, na hatua ya uchungu mkali, inayohesabiwa tangu mlango wa kizazi ufunguke kufikia sentimita 5, yenyewe huweza kufika saa 12 kwa mzazi wa mara ya kwanza. Nyimbo zikichokwa mapema, hazitakuwa na nguvu zinapohitajika. Zicheze pale unaposhindwa kuzungumza mkazo ukija. Mkazo unapoanza, vuta pumzi kwa midundo minne na kuitoa kwa sita, hadi upite, kwa kawaida ndani ya dakika moja hivi. Msindikizaji asibadilishe wimbo bila kuulizwa, na mpatane ishara ya mkono ya kuzima, kwa sababu karibu na kusukuma wengi hutaka kimya kabisa. Wakati wa kusukuma, sauti ya mkunga ndiyo inayotangulia.

Muziki hauzuii dawa, na kuomba dawa ya maumivu si kushindwa. Vilevile usibaki nyumbani ukisikiliza nyimbo ikiwa unatokwa damu nyingi, kichwa kinauma sana pamoja na kuona ukungu, mtoto amepunguza kucheza, au maji ya chupa ya uzazi iliyopasuka yana rangi ya kijani. Hapo ni kwenda hospitali mara moja. Ikiamuliwa ufanyiwe upasuaji kwa ganzi ya mgongoni, ukiwa macho, muulize daktari kama unaweza kuendelea kusikiliza.

Mtoto akishatoka, wengi huzima kila kitu na kusahau kwamba bado kuna kondo la nyuma na, pengine, kushonwa. Msindikizaji aiweke simu karibu: nyuzi zinapoanza kupita, ule wimbo wa kwanza uliouzoea mwili wako hufaa tena, kwa sauti ya chini, huku mtoto akiwa kifuani.