Kurusha jeti ya turbini kwenye uwanja wa nyasi hapa Uganda: usianze na injini, anza na nyasi

Watu wakisikia jeti ya rimoti yenye turbini ya kweli wanawaza lami. Sasa hapa kwetu lami utaitoa wapi, ya uwanja wa ndege si yako na ya barabarani imejaa boda. So tunarusha kwenye nyasi, na inawezekana kabisa. Mimi huu mwaka wa tatu naruka kwenye kauwanja ka pasipalamu upande wa Mukono, urefu mita 140 hivi, ndege ina kilo 12 na mafuta yake, turbini ya msukumo wa kilo 10. Nimeshapinda mguu wa mbele mara nne na mara moja nimeiingiza ndege nzima kwenye matete ikabaki mkia tu unaonekana. Hiyo ndo ada niliyolipa, wewe soma bure.

Kwanza tuondoe uongo wa boksi. Ile kilo 10 iliyoandikwa pale ni ya usawa wa bahari na joto la nyuzi 15. Entebbe penyewe pale ziwani ni mita 1,155, huku kwetu ni 1,200 hivi, na saa nane mchana joto linafika nyuzi 28, hapo hewa yako ni nyepesi kwa kama asilimia 16 kuliko ile ya kwenye boksi. Kilo 10 imebaki 8 na kitu. Na bawa nalo linabebwa na hewa hiyohiyo, kwa hiyo ndege ambayo kwa hewa ya boksi ingenyanyuka kwa kilomita 65 kwa saa hapa inataka 71. Ukienda Mbarara ni zaidi, Kabale ndo usiseme, kule unakaribia mita 2,000. Mtu anaangalia video ya jamaa wa Ulaya ananyanyua ndege kwenye nyasi fupi kama kapeti anasema na mimi naweza, hajui yule yuko mita 50 juu ya bahari na jua lenyewe la kuazima.

Halafu sasa ndo nyasi. Kila mtu anasema nyasi zinavuta, lakini zinavuta kiasi gani? Pima. Nunua ile mizani ya ndoano ya wauza samaki, funga kamba kwenye miguu mikuu miwili ya ndege (sio mguu wa mbele tafadhali), ndege iwe na mafuta tanki limejaa, ivute taratibu kwa mwendo wa kutembea na usome. Kwangu nyasi zikiwa zimekatwa jana inasoma kilo 2. Zikikaa wiki moja ya mvua ya Aprili inasoma 4. Ndege ileile, uwanja uleule!

Piga hesabu kidogo hapa ndo utaelewa kila kitu. Turbini inakupa 8.4, toa 2 za nyasi, umebaki na 6.4 za kusukuma kilo 12. Ukiunganisha na ile spidi ya ziada unayotaka, mbio zako za kuruka zinakuwa karibu mara mbili ya mtu wa lami mwenye hewa ya boksi. Nyasi zikiwa za wiki moja, umebaki na 4.4, hapo ni mara mbili na nusu na zaidi. Na hiyo ni hesabu ya throto (ile ya kuongeza na kupunguza nguvu ya injini) full kuanzia sekunde ya kwanza, kitu ambacho hutafanya, nitaeleza chini. Mimi sheria yangu ni hii, mizani ikizidi kilo 3 siwashi, tunachukua slasha tunakata au tunarudi nyumbani kula. Turbini dhaifu sana kwa uzito wa ndege yako? Basi nyasi sio za kwako, rusha ya propela kwanza.

Kuhusu kukata: kata siku moja kabla, sentimita 2 au 3, halafu FAGIA. Watu wanasahau hii. Nyasi iliyosimama haiingii kwenye injini, ile iliyokatwa ikalala ndo inarushwa na tairi la mbele moja kwa moja kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Kompresa, ile feni ya mbele inayovuta hewa, inazunguka mara laki moja na zaidi kwa dakika, haina utani na kijiti. Weka wavu wa chuma wa mtengenezaji wa turbini mbele ya kompresa, usiweke neti ya mbu ya dirishani nimeona mtu ameweka, majani mabichi yanaigandia injini inakosa pumzi. Kama hujanunua ndege bado, chukua yenye mdomo wa hewa juu ya mabawa au pembeni juujuu, sio ule wa chini ya tumbo kama F-16, huo kwenye nyasi ni sawa na kufagia uwanja kwa mdomo.

Tembea uwanja mzima kwa miguu kila siku ya kuruka, kila siku. Hapa kichuguu kinaota usiku mmoja, na msimu wa enswa watu wanakuja kutega kumbikumbi wanachimba vishimo wanaviacha. Mavi ya ng'ombe yakikauka ni jiwe. Ukipata rola ya kukokota ipitishe mvua ikishanyesha udongo ukiwa laini, mara mbili kwa msimu inatosha.

Miguu sasa. Yale matairi ya milimita 70 yaliyokuja na ndege wape watoto wachezee. Weka milimita 100 au zaidi kwenye miguu mikuu na mbele isipungue 80, tairi kubwa linapanda juu ya nyasi na dogo linalima. Mguu uwe ule wenye kiwiko na springi, ambao tairi linakuwa nyuma ya kiwiko, huo ukigonga tuta unarudi nyuma na juu, mguu ulionyooka unapeleka kishindo chote kwenye ubao unaoshikilia. Huo ubao uuongezee plaiwudi na gundi ya epoksi kabla hujaruka hata mara moja. Chuma cha mguu kikipinda unakinyoosha, ubao uking'oka unaenda na sevo (kamota ka kukunja mguu) na waya na nusu ya tumbo. Vifuniko vya miguu toa vyote, ndege itakuwa mbaya kidogo kwa macho lakini nyasi zikijaa mle miguu haitoki, na kutua kwa tumbo na injini ya nyuzi mia sita sio kitu unakitaka.

Mafuta napita haraka. Jet A-1 ukipata ni safi zaidi, mafuta ya taa yanafanya kazi ila chuja mara mbili na yakae usiku kucha maji yashuke. Oili ya turbini changanya kama kitabu cha injini yako kinavyosema, nyingi ni asilimia 5, yaani lita 1 kwenye 20. Turbini ya kilo 10 ikiwa full inanyonya karibu lita 1 kila dakika 2 na nusu, kwa hiyo tegesha saa kwenye rimoti, na kwenye nyasi hesabu pia ile unayochoma ukiwa unakokota kwenda na kurudi, ni nyingi kuliko unavyodhani.

Kuwasha ndo sehemu ya kuchoma shamba la mtu. Kiangazi cha Desemba mpaka Februari nyasi ni makaratasi. Usiwashe ndege ikiwa imekaa kwenye nyasi kavu. Mimi natumia kipande cha plaiwudi chini ya ndege na mabati mawili nyuma yake, yamepigiliwa chini na misumari mirefu ili yasipeperuke (lililopeperuka lilikata kamba ya mtu ya kuanikia nguo, tulilipa). Ndege iangalie upepo. Mtungi wa CO2 uwe mkononi mwa msaidizi, sio kwenye buti la gari, na usitumie wa unga, unga unazima moto na unaua injini pamoja. Kwa moto wa nyasi CO2 haitoshi, kwa hiyo azima lile bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya mimea, lioshe vizuri, jaza maji. Hicho kitu kimetuokoa mara mbili. Watu wakae mbele ya mabawa na mbali, hakuna mtu pembeni ya injini wala nyuma, watoto watakuja tu maana sauti wanaisikia kijiji cha pili, so weka mtu mzima mmoja kazi yake ni watoto peke yake.

Ikikataa kuwaka mara ya kwanza usibonyeze tena kwa hasira. Mafuta yamejaa ndani, nyanyua pua mkia ushuke, yamwagike, subiri, ndo ujaribu. Ukilazimisha utatoa ulimi wa moto mita nzima, na nyuma kuna nyasi. Ikishika sailensa vizuri, yaani inazunguka kwa mwendo wake wa chini kabisa, ndege imeshikwa, zima rimoti makusudi, injini lazima ijizime yenyewe. Isipojizima haturuki leo.

Haya kuruka. Muda mzuri ni saa tatu mpaka saa tano asubuhi, umande umekauka na joto halijapanda. Weka bendera katikati ya uwanja. Sasa kosa la kila mgeni ni kupiga throto full pale pale, pua inalala, tairi la mbele linachimba, mguu kwaheri. Fanya hivi, flapi (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshuka) nusu, vuta eleveta (ya mkiani, inayonyanyua pua) yote nyuma kabla hujaanza, leta throto taratibu ndege ianze kutembea, ikishatembea ndo uongeze mpaka full ndani ya sekunde 3 au 4. Nyasi zinashika matairi chini na msukumo uko juu, ndege inataka kusujudu, ile eleveta ya nyuma inapunguza uzito wa mguu wa mbele. Pua ikianza kuwa nyepesi ACHIA eleveta taratibu, usipoachia itaruka kabla ya spidi, itaning'inia hapo mita 2 juu, bawa moja linaanguka, na mwisho wake unaujua. Ikibebwa, iache ikimbie chinichini ichukue spidi ndo upande.

Ile bendera ya katikati: ukiifikia na pua bado nzito, kata throto. Usijiambie "itanyanyuka tu". Mimi nilijiambia hivyo siku ile ya matete. Turbini ikishuka sailensa nyasi zitaisimamisha ndege zenyewe, hapo ndo nyasi zinakupenda.

Na kutua kwa kweli ni rahisi kuliko lami. Breki hauhitaji, ndege haikimbii mpaka kesho. Shida ni moja tu, turbini ikiwa sailensa inachukua sekunde kadhaa kupanda tena, kwa hiyo ukija usiitoe throto yote mapema, njoo na flapi full na robo ya throto hivi, ukiona haijakaa sawa ondoka ukiwa bado juu ya miti, sio juu ya nyasi. Na kumbuka inakuja kwa kasi kidogo kuliko macho yako yalivyozoea pwani, hewa ni ileile nyepesi, usiivute ipunguze spidi eti kwa sababu inaonekana inakimbia. Gusa na miguu ya nyuma, eleveta nyuma, shikilia pua juu mpaka ishuke yenyewe.

Angalia kaloli, yule korongo mkubwa. Lile dege lina uzito wa kilo kadhaa na linazunguka kwenye hewa ya moto hasa karibu na jalala, halikwepi. Nikiona matatu juu ya uwanja nasubiri. Mwewe wao wanakwepa.

Vibali: ongea na UCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uganda, kabla ya kununua, sio baada, na kuingiza vitu vya kurushwa kwa rimoti kuna watu wa ulinzi wanataka kujua, banange usiagize boksi lote ndo uanze kuuliza likiwa limekaa kwa forodha. Mwenye shamba naye muone, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) umpelekee habari kabla hajasikia ile sauti.

Ukishazima, acha betri imechomekwa mpaka injini imalize kujipoza, inajizungusha yenyewe mara kwa mara, usiichomoe eti imezima. Rudisha ndege kwenye plaiwudi ukiwa umeibeba au kuikokota kwa mkono, usiiache kwenye nyasi kavu bomba lake la nyuma likiwa bado la moto. Halafu toa nyasi zilizojiviringa kwenye ekseli za matairi, zikikaa zinakula beringi, angalia mguu wa mbele kama umenyooka kwa kuuangalia kutoka mbele usawa wa macho, na injini ikishapoa ingiza kidole au kijiti laini uzungushe kompresa polepole huku umeweka sikio. Inatakiwa izunguke kimya. Ukisikia kanakwaruza hata kidogo, siku yako imeisha, funga gari.