Somo: Kupiga picha za mandhari mwanga unapobadilika

Picha nyingi za safari huharibika kabla kamera haijatolewa mkobani. Mtu hufika jua likiwa la utosi, hupiga harakaharaka, huyo anaondoka. Akizifungua baadaye, mlima uliomsimamisha njiani umekuwa bapa na anga imekuwa nyeupe kama karatasi. Hulaumu kamera, lakini mwanga aliokuwa akiutaka ulifika saa kadhaa baada ya yeye kuondoka.

Hatua ya 1: Chagua pa kusimama kabla mwanga haujaja

Fika saa nzima kabla ya jua kuchwa, au gizani kabla halijachomoza. Kwanza tembea mikono mitupu. Tafuta kitu cha karibu cha kuweka mbele ya mandhari: jiwe, mzizi, kidimbwi, ukingo wa njia. Bila hicho, jicho la mtazamaji halina pa kuingilia. Ukishakipata, simamisha stendi, panga fremu, kisha utulie. Hapa ndipo wengi hukosea: mwanga ukianza kuwaka wanakimbilia kilima cha pili, halafu cha tatu, na kila wanapofika umeshahama. Pahali pamoja ulipopachagua kwa utulivu panatosha.

Hatua ya 2: Mipangilio

Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana. Faili la JPEG, yaani picha ya kawaida iliyobanwa, lina biti 8, yaani viwango 256 kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina viwango 16,384. Tofauti hiyo utaiona siku utakapotaka kuinua kivuli kizito. Tundu la lenzi liwe f/8 hadi f/11 (namba ikikua, tundu hupungua). Ukilibana hadi f/22, mwanga hutawanyika na picha nzima hupoteza ukali. Kamera ikiwa kwenye stendi, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 100. Mizani ya rangi iweke kwenye alama ya jua, kama kelvini 5500. Ukiiacha ijipange yenyewe, itapoza wekundu uleule uliousubiri.

Hatua ya 3: Linda sehemu zenye mwanga mkali

Usiuamini uso wa kioo cha kamera, tazama histogramu, ule mchoro unaoonyesha mwanga wa picha kuanzia giza kushoto hadi weupe kulia. Mchoro ukigonga ukuta wa kulia, sehemu hiyo imeungua na haitarudi hata kwa programu gani. Kivuli huinuka, weupe ulioungua haushuki. Kwa hiyo punguza mwanga mpaka mchoro uachane na ukuta. Anga ikiwa kali mno kuliko ardhi, piga picha tatu bila kusogeza stendi: moja ya kawaida, moja imepunguzwa mwanga hatua 2, moja imeongezwa hatua 2 (kila hatua huongeza mwanga maradufu au huupunguza nusu), kisha uziunganishe.

Hatua ya 4: Jua likizama, usifunge mkoba

Naomba mnisikilize hapa kuliko kwingine. Mwanga wa dhahabu huja jua likiwa chini ya nyuzi 6 hivi juu ya upeo. Likishazama, mawingu ya juu bado yanamulikwa kutoka chini, na mara nyingi rangi hukolea dakika 10 au 15 baadaye, watu wakiwa wameshaondoka. Kisha huja bluu nzito. Karibu na ikweta jua hushuka wima, hivyo tangu lizame yote haya hupita kwa dakika ishirini na kitu; mbali na ikweta hukawia zaidi. Giza linaingia upesi, kwa hiyo angalia histogramu upya kila dakika mbili.

Halafu geuka nyuma. Anga ikiwa safi, upande ulio mkabala na jua utaona utepe wa bluu ya kijivu na waridi juu yake. Utepe ule ni kivuli cha dunia yenyewe kikipanda angani. Mimi hukipigia picha kila nikiona.

Hatua ya 5: Ukungu, mawingu, mvua

Ukungu hukidanganya kipimamwanga cha kamera: huona weupe mwingi, kikaufanya kijivu. Ongeza mwanga hatua 1. Siku ya mawingu mazito nenda msituni au kwenye maporomoko, shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, iwe robo ya sekunde hadi sekunde 1, na anga isiingie kwenye fremu. Mvua ikikatika jua likiwa chini, lipe mgongo: upinde wa mvua utakuwa mbele yako. Jua likizidi nyuzi 42, ukiwa tambarare hutauona.

Radi ni jambo jingine. Hesabu kuanzia mmweko hadi ngurumo; kila sekunde 3 ni kilomita 1. Sekunde zikiwa chini ya 30, acha kila kitu, ingia ndani ya jengo au gari lililofungwa, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hakuna picha ya thamani hiyo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nina simu tu. Hatua ya 3 naifanyaje?*

Gusa sehemu angavu ya anga, shikilia mpaka ijifunge, kisha shusha mwanga kwa kidole. Futa lenzi kwanza. Alama ya kidole hutawanya mwanga wa jua picha nzima.

*Nikitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi inajaa ukungu. Nifute?*

Usifute, utarudi. Kabla ya kutoka, fungia kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Nje, usiufungue mpaka kamera ipate joto la hapo, kama nusu saa.

*Nimefunga filta ya polaraiza, anga ikatoka nyeusi upande mmoja. Imeharibika?*

Nzima kabisa, ndugu. Filta hiyo, inayokata mng'ao na kukoleza anga, hufanya kazi zaidi nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na lenzi pana huchukua anga kubwa kuliko eneo hilo. Izungushe ipungue, au ivue. Kwenye upinde wa mvua pia izungushe taratibu, yaweza kuufuta.

*Safari nzima ni kijivu na siwezi kurudi tena. Nifanyeje?*

Pole. Acha upeo, inamisha lenzi: mawe yaliyolowa, majani, nyuso za wenzako. Mwanga huo hauna kivuli kikali, na rangi za vitu vilivyolowa hukolea. Ila jioni baki nje hadi giza. Kukiwa na upenyo mdogo magharibi, jua hupita chini ya wingu kwa dakika tatu nne, na uwe umeshasimamisha stendi.