Somo: Namna ya kuwasha kuni bila kujaza nyumba moshi

Moshi ni kuni ambayo haijamaliza kuungua. Chembe zake nyingi hazifiki mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo pua na koo hazizikamati. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Hapo kikohozi huwa ndicho kidogo: kuna nimonia kwa watoto, magonjwa ya moyo na kiharusi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri chembe hizo zisizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo kwa saa 24.

Hatua ya 1: Pasua kuni zikiwa bado mbichi. Gogo zima huchelewa sana kukauka, maana gome huzuia maji kutoka.

Hatua ya 2: Kausha. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Karibu nusu ya uzito wa kuni mbichi ni maji, na moto hutumia joto lake kuyachemsha kwanza; jiko linabaki la baridi na gesi za kuni zinatoka bila kuwaka. Panga juu ya vitegemeo, paa liwepo juu, pembeni pawe wazi upepo upite. Ipe miezi 6 au zaidi. Chukua kipande kimoja, kipime kwa mizani kila wiki: uzito ukiacha kushuka, kimekauka. Gonga viwili pamoja, vikavu hulia “ko!”, vibichi hutoa mlio mzito.

Hatua ya 3: Washa kwa vijiti vyembamba, tundu la hewa la jiko likiwa wazi kabisa. Ongeza kidogo kidogo. Usibane hewa ili moto ulale hadi asubuhi. Huko ni kutengeneza moshi usiku kucha.

Maswali

*Mwalimu, makaa yasiyotoa moshi naweza kulala nayo chumbani?*
Hapana, kamwe. Yanatoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikianza, tokeni nje wote kwanza, kisha mtafute matibabu.

*Mbao kuukuu zenye rangi je?*
Usichome. Rangi na dawa za mbao hutoa sumu, na jivu lake nalo ni sumu.

*Dohani yangu ina utando mweusi unaong'aa kama lami.*
Huo ni moshi ulioganda, na unashika moto. Usiwashe tena mpaka dohani isafishwe, halafu rudi hatua ya 2.