Pasaka Dodoma na Watoto wa Shule: Mwongozo kwa Wazazi Walioko Ughaibuni

Wazazi wengi walioko nje huwaleta watoto nyumbani Agosti au Desemba. Tatizo la Agosti ni kwamba shule za Ulaya zimefungwa lakini za Tanzania zinaendelea. Binamu wanaondoka alfajiri, wanarudi jioni wamechoka, na mgeni anashinda sebuleni na simu yake. Desemba kila mtu yupo, ila nauli za ndege zimepanda na wakulima wa Dodoma ndiyo kwanza wanapanda mbegu. Kama mtoto wako yuko shule ya msingi au sekondari na unataka aijue Dodoma pamoja na watu wake, mlete Pasaka.

Likizo ya majira ya machipuko Uingereza na Marekani huangukia kati ya Machi na Aprili. Shule za Tanzania nazo hupumzika kwa muda mfupi katikati ya muhula wa kwanza, mara nyingi karibu na Pasaka. Siku zinazogongana ni chache, kwa hiyo kabla hujakata tiketi mwombe ndugu yako mwenye mtoto shuleni akutumie kalenda ya mwaka huo. Muulize pia binamu hao wanasoma madarasa gani. Wa darasa la saba na kidato cha nne mara nyingi wanabanwa na maandalizi ya mtihani hata wakati wa mapumziko, na hao usiwategemee sana.

Halafu kuna hali ya nchi yenyewe. Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Anayekuja Agosti anakuta vumbi na mibuyu isiyo na jani hata moja. Anayekuja Pasaka anakuta mibuyu imevaa majani, mtama na uwele vimetoa masuke, maboga yametambaa hadi mlangoni na mahindi mabichi yanachomwa kila kona. Jioni kuna ubaridi kidogo, kwa hiyo sweta jepesi halikosi kazi.

Kufika siku hizi ni rahisi. Treni ya SGR (reli ya kisasa) kutoka Dar es Salaam ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, na safari ambayo kwa basi hula karibu siku nzima sasa ni saa nne hivi au pungufu. Watoto huipenda, hasa pale reli inapopita milimani baada ya Morogoro. Wakati wa Pasaka kata tiketi mapema, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, na pasi za kusafiria zikae karibu kwa sababu utaulizwa kitambulisho.

Uwanjani kwanza

Mtoto ambaye Kiswahili chake ni cha kusuasua hapati marafiki mezani kwa wajomba. Anawapata uwanjani. Kuanzia saa kumi jioni, jua likipungua makali, karibu kila kiwanja cha shule ya msingi Dodoma kina chandimu: magoli ni mawe mawili, timu zinagawanywa papo hapo, na refa hayupo. Mwache aende na binamu yake, wewe usimsindikize. Akiwa na mzazi pembeni anabaki mgeni. Akienda na binamu anawekwa beki, anapigiwa kelele, na kesho yake wanamfuata nyumbani kumwita kwa jina.

Kwenye sanduku weka mpira mmoja mzuri, namba tano kwa wakubwa au namba nne kwa wadogo, pamoja na pampu na sindano zake kadhaa. Pampu ni muhimu kuliko unavyofikiri, na sababu ni mbigili. Hii ni miiba midogo ya majani yanayotambaa chini, na baada ya mvua iko kila mahali Dodoma. Kila tunda lake lina ncha kali, na liangukapo ncha mojawapo hutazama juu. Inatoboa mipira, inatoboa tairi za baiskeli, na inapenya soli nyembamba. Watoto wa pale wanajua pa kukanyaga. Wako hajui, basi avae raba zenye soli nene, na umfundishe kukagua viatu kabla hajaingia ndani ili asiieneze kwenye mikeka ya bibi.

Wasichana wana mchezo wao ambao nautetea mbele ya mtu yeyote: rede. Wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira wa soksi kuukuu, na wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa kwa viganja vyake. Akipigwa anatoka. Anayeinama kuchota mchanga lazima ausikie mpira unaotoka nyuma yake, na hapo ndipo utajua nani ana akili ya mchezo. Binti aliyezoea netiboli ya Uingereza ataingia haraka, maana kukwepa na kugeuka anakujua. Netiboli yenyewe pia inachezwa sana shuleni, pamoja na mpira wa wavu na wa mikono. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, kwa kawaida hufika kileleni katikati ya mwaka, kwa hiyo ukikuta vijana wakifanya mazoezi kwa bidii, omba ruhusa kwa mwalimu wa michezo mtoto wako ajiunge nao hata jioni moja.

Anayependa kukimbia aamshwe saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua. Mwambie kwamba mkoa jirani wa Singida ndio nyumbani kwa Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo Septemba 2025. Alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kilomita 42, na ilibidi picha ya kamera ndiyo iamue. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Mtoto wa miaka kumi na miwili akisikia hivyo akiwa kwenye barabara ya vumbi ya kanda hii hii, ataongeza mwendo bila kuambiwa.

Kama ratiba ya Ligi Kuu inaruhusu, wapeleke Uwanja wa Jamhuri kuiangalia timu ya Dodoma Jiji. Wenye watoto wadogo wachague mechi ya kawaida. Siku ya Simba au Yanga umati ni mkubwa mno.

Sikukuu na vinavyoliwa

Ijumaa Kuu mji unatulia, Jumamosi usiku kuna mkesha, Jumapili ni pilau, kuku na soda. Jumatatu ya Pasaka watoto wanavaa nguo mpya na kutoka, wengi kuelekea Nyerere Square na bustani ya Chinangali. Mpe mwanao kazi ya sikukuu: kuchambua mchele, kusukuma chapati, kupeleka sahani kwa majirani. Ile ya kupeleka sahani ndiyo bora, maana atabisha hodi, atasalimia shikamoo, na atarudi na sahani yenye kitu kingine ndani.

Nyumba za Wagogo, wenyeji wa Dodoma, zina mlenda, na huu ndio wakati wake, kwa sababu majani ni mabichi. Kiangazi unapikwa wa unga uliokaushwa, mzuri pia, lakini si sawa na huu. Maji yanachemka na magadi kidogo, majani yanaingia, yanapigwapigwa hadi yalainike, kisha nyanya na karanga zilizosagwa. Unaliwa kwa ugali wa uwele au wa mtama. Mtoto wa ughaibuni atashtuka kwa ule utelezi. Usimwombee radhi kwa bibi wala usimkimbizie chipsi. Mwonyeshe kukata tonge dogo, kulibonyeza kwa kidole gumba, kuchovya na kuzungusha mkono ili uzi ukatike. Wakishaujua huo mzunguko wa mkono, wengi huomba tena.

Karanga ziko shambani na nyingine zinaanza kung'olewa. Hakuna matembezi ya kulipia yanayofikia asubuhi moja ya kung'oa karanga: unashika shina, unavuta polepole, unakung'uta udongo, na chini yake maganda yananing'inia. Watoto waliozoea kuziona kwenye kopo hawaamini kwamba zilikuwa ardhini. Za kuchemsha na chumvi, zikiwa bado na ganda lake, ndizo peremende za msimu huu.

Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya mwanzo wa mwaka mara nyingi yanakuwa ukingoni Pasaka ikifika. Uliza mapema Hombolo, Mpunguzi au Mvumi kama kuna shamba ambalo bado linavuna. Ukikosa, za barabarani zitatosha, zioshwe kwa maji safi. Ubuyu haukosi. Nunua ule mweupe usiotiwa kitu, kisha mfanye wenyewe jikoni: chemsha sukari na maji kidogo, iliki, chembe ya chumvi na rangi nyekundu, hadi shira iwe nzito inanata, mimina ubuyu, koroga bila kuacha mpaka kila punje ivae sukari na kukauka. Shira ya moto ishikwe na mtu mzima, kukoroga waachie watoto.

Matembezi ya mjini na nje ya mji

Kwa wanafunzi wa sekondari napendekeza sehemu mbili. Ya kwanza ni Bunge. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na wageni huruhusiwa kukaa jukwaani wakisikiliza. Njia ya kawaida ni kupitia ofisi ya mbunge wenu wa nyumbani, mkiomba siku kadhaa kabla. Vaa kwa heshima, beba vitambulisho. Watoto wanaosoma uraia katika shule za kigeni watasikia waziri akiulizwa kuhusu kisima cha kijiji fulani, kwa Kiswahili, na akilazimika kujibu.

Ya pili ni michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Barabara ya lami inakufikisha Kondoa, kama kilomita 155 kutoka Dodoma mjini, na Kolo iko mbele kidogo ukielekea Babati. Pitia kwanza ofisi iliyopo kijijini kulipa na kupewa mwongozaji. Kutoka hapo ni njia ya kupanda, na mvua ikinyesha gari dogo litakwama. Watu na wanyama wamechorwa kwa rangi nyekundu, na wenyeji bado wanafanya matambiko hapo, kwa hiyo watoto wasiguse mwamba wala kuokota kitu.

Yasiyo na mjadala

Mtoto aliyezaliwa nje hana kinga ya malaria aliyonayo binamu yake, na mwisho wa mvua mbu wapo. Mwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari kwa ajili ya dawa za kinga, na usikubali kuambiwa "mbona sisi hatunywi." Chandarua kila usiku. Wengi wenye pasi za kigeni wanahitaji viza, iombwe kwenye tovuti rasmi ya Uhamiaji. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe barua ya idhini ya mwenzake.

Mkirudi, karanga zilizokaangwa na ubuyu vifungwe vizuri na vitajwe forodhani. Zabibu mbichi, mbegu za kupanda na majani ya mlenda viacheni nyumbani, maana nchi nyingi hazivipokei bila vibali, na maofisa huvichukua mbele ya mtoto aliyevibeba kwa furaha kutoka kwa bibi yake.