Gharama ya kuacha sigara: gawanya kwa walioacha kweli

Unapanga kuwalipia wafanyakazi huduma ya kuacha sigara? Usigawanye gharama kwa idadi ya waliojiandikisha. Igawanye kwa wale ambao bado hawavuti baada ya miezi 12, maana wengi hurudia (na anayerudia mlipie tena, ni jambo la kawaida). Ukihesabu hivyo, ushauri nasaha pamoja na dawa, kama plasta za nikotini au vidonge vya vareniklini, unaweza kuwa nafuu kuliko ushauri peke yake, hata kama bei ya mwanzo inatisha. Faida nayo haiji kwa mkupuo: hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa takriban nusu baada ya mwaka 1, ya saratani ya mapafu huchukua kama miaka 10 kupungua hivyo. Bajeti ya mwaka mmoja itakudanganya.