Somo: Kupoza nyumba ya bati kwa matundu ya hewa, foili na pamba ya kioo

Nyumba ikikuchemsha saa nne usiku na nje kuna upepo, usilaumu madirisha kwanza. Inua macho. Mimi ni fundi dari hapa Dar es Salaam, na simu nyingi hunijia Februari na Machi. Kaskazi imelegea, jua la mchana liko utosini (mwanzoni mwa Machi hupita juu ya Dar moja kwa moja, na tena karibu tarehe 10 Oktoba), mteja ameshanunua pangaboi la pili na bado analala sakafuni sebuleni. Pangaboi halipozi chumba. Linazungusha joto lilelile.

Kwanza tuelewane joto linashukaje. Bati la jua kali hufika nyuzi 60 na kuzidi. Lakini hewa ya moto hupanda, haishuki, kwa hiyo joto linalokufikia kitandani halikuletwa na hewa. Bati linaimulika dari, kama jiko la mkaa linavyomchoma uso muuza mishikaki hata upepo ukipeleka moshi upande wa pili. Dari ikishapata moto, inakumulika wewe. Ndiyo maana jipsamu ya milimita 9 peke yake haikuokoi, na foili, yaani karatasi ya aluminiamu nyembamba kama ganda la kitunguu, inaweza kukata sehemu kubwa ya joto hilo. Uso wake unaong'aa hutoa kama asilimia 5 tu ya mwali ambao uso mweusi ungetoa kwa joto hilohilo. Mbao, jipsamu na bati la rangi hutoa kama asilimia 90.

Sharti ni moja: uso unaong'aa lazima utazame hewa tupu. Ukibanwa pande zote mbili, hiyo ni aluminiamu tu, na kazi ya aluminiamu unaijua kwenye sufuria.

Hatua ya 1: Panda ukague

Panda saa kumi na mbili asubuhi, ushuke kabla ya saa tatu. Kanyaga kenchi, usikanyage dari. Angalia bati lililotoboka, waya zilizotafunwa na panya, na popo. Kinyesi cha popo usikifagie kikavu. Vaa barakoa, kinyunyizie maji kwanza. Panapovuja, ziba kabla ya kingine chochote.

Hatua ya 2: Zima umeme

Hapa sina utani. Foili inapitisha umeme. Australia, mwaka 2009, serikali ililipia wananchi kuwekewa vizuia joto darini, na vijana wengi wasio na uzoefu wakaingizwa kazini. Wanne walikufa. Watatu walipigwa na umeme, mmoja aliuawa na joto la huko darini. Mpango ukasimamishwa Februari 2010. Mmoja wa hao watatu alipigilia pini ya chuma kwenye foili, pini ikapenya waya wenye moto.

Kwa hiyo zima meinswichi, siyo swichi ya taa. Mwite fundi umeme aingize kwenye bomba waya zote zinazoning'inia na azitoe pale utakapopiga pini. Foili isiguse waya wala maungio yake. Na usitandaze foili juu ya dari ambako waya zimelala. Vumbi litaifunika na mtu atakayepanda baadaye hatajua amekanyaga nini.

Hatua ya 3: Fungulia joto njia

Nyumba zetu nyingi zimezibwa kote, upenuni hadi kwenye kofia ya paa. Joto litoke wapi? Toboa matundu chini upenuni, na mengine juu kwenye kuta za pembetatu, pande mbili zinazotazamana. Kanuni inayotumika Marekani ni eneo la dari gawa kwa 150. Dari ya mita 10 kwa 12 ni mita za mraba 120, kwa hiyo unahitaji matundu yenye jumla ya mita ya mraba 0.8, nusu chini, nusu juu. Weka wavu wa kuzuia popo na ndege. Wavu wa mbu unakaba hewa na vumbi linauziba upesi.

Hatua ya 4: Funga foili

Pigilia upande wa chini wa kenchi za mteremko, ili kati ya foili na bati ibaki nafasi ya hewa. Kama inang'aa upande mmoja, uelekeze CHINI. Watu hubisha hapa, nami nilibisha. Mwaka 2016 nilifunga foili ya povu yenye plastiki nyeupe upande mmoja kwenye nyumba ya mteja. Nikaibana kwenye bati, mng'ao juu, nikiamini itarudisha jua kama kioo. Baada ya mwezi akanipigia: "Fundi, umeniuzia mfuko." Nilibandua yote kwa gharama zangu. Mng'ao ukiwa chini una hewa mbele yake, na vumbi haliukalii.

Anza juu ushuke. Kipande cha chini kiingie chini ya kile cha juu kwa sentimita 10, ili tone likidondoka liteleze kama kwenye bati. Acha upenyo wa sentimita 10 kileleni na mwingine upenuni. Hesabu: paa lenye mteremko wa nyuzi 25 juu ya dari ile ya mita za mraba 120 lina kama mita za mraba 132. Roli la mita 1.2 kwa 40, ukitoa mapishano, linafunika 44. Hayo ni matatu kamili. Nunua la nne, maana kona za paa zinakula.

Hatua ya 5: Pamba ya kioo, mfuko ukiruhusu

Hii inalazwa juu ya dari. Pamba ya milimita 100 inazuia joto zaidi ya mara 40 ya jipsamu ya milimita 9. Usiigandamize, usizibe nayo matundu ya upenuni, usifunike taa zilizozamishwa darini. Vaa glovu na mikono mirefu, au utajikuna wiki nzima.

Maswali ya wadau

*Shikamoo fundi. Nimepanga chumba Mwanza, hakuna dari. Nifanyeje?*
Marahaba. Mwombe mwenye nyumba apake bati rangi nyeupe ya paa. Ndiyo nafuu kwako na bati lake litadumu. Akikataa, foili chini ya kenchi, kwa ruhusa yake. Dari ya shuka iache, hasa kama unapikia humo ndani.

*Fundi, huku Mombasa mabati yetu yashashika kutu. Nianze na foili au rangi?*
Rangi nyeupe ya paa, ndugu yangu, baada ya kukwangua kutu. Bati la kutu linakunywa jua. Ila uchafu ukijaa weupe utafifia, kwa hiyo lioshe bati.

*Foili itapunguza kelele za mvua?*
Hapana. Pamba inapunguza.

*Nyumba ya mzee Tanga ina asbesto. Naweza kutoboa nipigilie?*
Usitoboe, usikwangue, usipige brashi. Vumbi lake linaua mapafu taratibu. Paa kama hilo linahitaji watu wenye vifaa na kibali. Wakati huo fungua matundu kwenye kuta tu, mbali na paa.

*Nina kiyoyozi. Foili au pamba?*
Pamba kwanza, na ziba kila ufa wa dari. Ufa mmoja kwenye tundu la kupandia unapoteza umeme mchana kutwa.

*Nimefuata kila kitu, chumba cha watoto bado moto jioni.*
Ukuta wake unatazama magharibi?

*Ndiyo.*
Basi hilo si la darini, dada. Tofali limeota jua tangu saa nane. Ongeza baraza au panda mti upande huo. Mwarobaini unakua haraka.