Pakiti nyekundu ya bei nafuu: kumaliza mchezo wa Magic kufikia zamu ya nne

Anayeanza kucheza Magic: The Gathering, mchezo wa karata wa kupigana kwa uchawi na viumbe, hapa Dar es Salaam akiulizia bei ya karata kubwa, mara nyingi hukata tamaa palepale. Asikate. Kuna aina ya mchezo iitwayo Pauper, inayoruhusu tu karata zilizowahi kuchapwa katika daraja la kawaida kabisa, lile la chini. Ilitambuliwa rasmi kwa karata halisi za karatasi mwaka 2019. Ndani ya Pauper, pakiti nyekundu ya moto ni ya gharama ndogo, na inafunga mchezo kabla mwenzako hajamaliza kujipanga. Naipenda kwa moyo wote, na nataka uijenge ukielewa kwa nini kila karata imo.

Hatua ya kwanza: piga hesabu kabla ya kununua

Kila mchezaji anaanza na pointi 20 za uhai na karata 7 mkononi. Karata ya Lightning Bolt inagharimu mana moja nyekundu (mana ni nguvu ya kulipia karata, inayotoka kwenye karata za ardhi) na inaondoa pointi 3. Saba mara tatu ni 21. Maana yake karata saba za aina hiyo zinammaliza mtu, basi.

Ukianza wewe, huvuti karata zamu ya kwanza, kwa hiyo ukifika zamu ya nne umeshaona karata 10. Kati ya hizo tunataka tatu ziwe ardhi na saba ziwe za kupiga. Ukiupeleka uwiano huo kwenye pakiti ya karata 60, unapata ardhi 18 na karata za kupiga 42. Namba hizi mbili usizichezee.

Sasa angalia mana. Kwa ardhi tatu unapata moja zamu ya kwanza, mbili ya pili, tatu ya tatu na tatu ya nne. Jumla 9. Mana tisa kwa karata saba: nyingi ziwe za mana moja, chache za mbili. Karata ya mana tano, hata ikiwa na joka la kutisha, kwetu ni garasa. Wageni wa pakiti hii wakitaka "kuiboresha" huanzia hapo, wakiingiza viumbe wakubwa wawili watatu, na kasi yote inapotea.

Hatua ya pili: jaza nafasi 42

Sheria inaruhusu nakala nne za karata moja, isipokuwa ardhi za msingi, ambazo hazina kikomo. Chukua nne nne kwa nguzo za pakiti: Lightning Bolt, Chain Lightning, Lava Spike, Rift Bolt na Skewer the Critics. Hizo ni 20, na kila moja inaondoa pointi 3. Rift Bolt na Skewer zimeandikwa mana tatu, ila zote zina njia ya kulipwa kwa mana moja tu, nitaeleza chini.

Viumbe ni 12. Ghitu Lavarunner nne: ukishakuwa na karata mbili za uchawi wa mkupuo kwenye makaburi yako (rundo la karata zako zilizokwisha kutumika), wa papo hapo au wa zamu yako, anaongezeka nguvu na anashambulia zamu ileile anayoingia. Thermo-Alchemist nne: hashambulii, ila anachoma pointi 1 kila akilazwa (karata ikigeuzwa upande kuonyesha imetumika), na anaamka kila unapotumia uchawi wa mkupuo. Akikaa mezani zamu mbili bila kuuawa, mwenzako yuko pabaya. Keldon Marauders nne: wanachoma 1 wakiingia, 1 wakiondoka, na katikati wanashambulia kwa 3. Wakizuiwa umepata 2, wasipozuiwa umepata 5.

Zimebaki nafasi kumi. Weka Fireblast tatu, Searing Blaze tatu, na Reckless Impulse nne za kukuongezea karata mkono unapoanza kukauka. Ardhi zote 18 ziwe Mountain za kawaida, ardhi ya msingi inayotoa mana nyekundu. Usinunue ardhi za mapambo zenye rangi mbili, kwa sababu Fireblast inadai Mountain.

Hatua ya tatu: zipate karata

Mara nyingi njia rahisi ni kuagiza nje zote kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa usafiri ndio unaokula hela kuliko karata zenyewe. Kama kuna ndugu anarudi kutoka safari, mzigo wa karata 75 (60 za pakiti na 15 za pembeni) haufiki hata robo kilo. Ukichambua karata za mtumba, angalia alama ndogo ya toleo iliyo kulia, chini ya picha: nyeusi ni daraja la kawaida, ya fedha linalofuata, ya dhahabu ni adimu. Hii inafaa kwa karata za tangu 1998. Karata yenye alama ya fedha usiitupe haraka, huenda toleo jingine liliichapa kwa alama nyeusi, na hapo inaruhusiwa.

Wakati unasubiri, chapisha za mazoezi. Karata ina milimita 63 kwa 88, hivyo karatasi moja ya A4 inabeba tisa, na pakiti ya 60 inaingia kwenye karatasi saba. Stesheneri yoyote ya Mwenge au Kariakoo itakufanyia. Mwambie kijana wa kompyuta achapishe kwa ukubwa kamili wa asilimia 100, maana ikipunguzwa kidogo tu karata zinacheza ndani ya vifuko vyake vya kinga. Kata kwa rula, kisha ingiza kila kipande kwenye kifuko chenye mgongo usioonyesha, ukikiegemeza kwenye karata ya kawaida ya kopa na shupaza. Hizi ni za nyumbani. Mashindano rasmi yanataka karata halisi.

Vifuko usivione anasa. Joto na unyevu wa Dar, hasa masika, vinakunja karata, na zile zinazong'aa ndizo huanza. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Tena pangaboi likiwa kasi, karata zisizo na vifuko zinaruka mezani.

Hatua ya nne: jifunze mpangilio wa kupiga

Hapa ndipo pakiti inaposhinda au kupoteza. Wengi hudhani ni kurusha moto tu. Sivyo.

Mkono wa kwanza uwe na ardhi mbili au tatu. Ukiwa na ardhi moja, hata kama ni mwenzako anayeanza, nafasi ya kuvuta ya pili katika mivuto miwili ya mwanzo ni zaidi kidogo ya nusu. Mimi naurudisha. Utavuta saba upya na kuweka moja chini ya pakiti, hasara unayoweza kuibeba.

Zamu ya kwanza, ukiwa na Rift Bolt, isimamishe kwa mana moja, yaani iweke kando isubiri. Itapiga yenyewe mwanzoni mwa zamu ya pili. Na kwa kuwa mwenzako ameshapoteza uhai zamu hiyo, Skewer the Critics nayo inashuka kwa mana moja badala ya tatu, na mana moja inabaki ya Lava Spike. Pointi 9 kabla ya zamu ya tatu. Searing Blaze ishikilie hadi uweke ardhi zamu hiyohiyo, ndipo inachoma 3 kwa mchezaji na 3 kwa kiumbe chake. Bila ardhi mpya inachoma moja moja tu.

Fireblast ni ya mwisho. Badala ya mana, unatoa kafara Mountain mbili na kuchoma pointi 4. Kabla ya kuzitoa, zilaze kwanza uchukue mana yake. Mountain mbili zinakupa Lightning Bolt mbili, kisha zilezile zinalipia Fireblast: pointi 10 kutoka kwenye ardhi mbili. Mwenzako akiwa na 10 na wewe una karata hizo tatu, mchezo umekwisha.

Viumbe wake waache, isipokuwa anayekuzidi kasi au anayemwongezea uhai. Kila Lightning Bolt unayompiga kiumbe ni pointi 3 ulizomrudishia mwenye nyumba.

Pakiti ikikamilika, icheze peke yako, uandike kwenye daftari ni zamu gani unafika 20. Ikizidi ya tano mara kwa mara bila mpinzani, hesabu ardhi zako tena.

Hatua ya tano: karata 15 za pembeni

Hizi ni za kubadilishia baada ya mchezo wa kwanza, kulingana na mpinzani: Pyroblast nne kwa wenye rangi ya bluu, Smash to Smithereens nne kwa wanaotegemea vyombo (karata za artifact), Electrickery tatu kwa makundi ya viumbe wadogo, Relic of Progenitus tatu kwa wanaochezea makaburini, na Searing Blaze ya nne.

Tahadhari na mwenye kijani aliyeacha ardhi mbili wima. Weather the Storm inampa uhai 3, kisha inajirudia kwa kila uchawi uliotumika kabla yake zamu hiyo, wa kwako ukiwemo. Dhidi yake, piga moja zamu hii, moja zamu ijayo, na usimwage mkono wote hadi alaze zile ardhi.